Kumi na Tatu kwa Tatu

Zamu yangu iliisha saa tano usiku. Niliingia garini, nikawasha hita, nikampigia mama. Kwetu Lowell, jimbo la Massachusetts, ilikuwa bado Jumapili ya tarehe 3 Februari 2019. Kwake Mombasa ilikuwa Jumatatu saa moja asubuhi, keshasali, keshakunywa chai yake ya tangawizi, yuko barazani anamngoja muuza samaki.

"Sabalkheri, mama."

"Akheri, mwanangu. Mbona sauti ya uchovu?"

"Leo kulikuwa na fainali ya mpira wao. Nyumba nzima haikulala."

"Ngapi ngapi?"

"Kumi na tatu kwa tatu."

Akanyamaza. Kisha, kwa huruma ya kweli kabisa: "Masikini! Na golikipa alikuwa wapi?"

Nilicheka peke yangu mle garini mpaka kioo kikaingia ukungu. Saa moja tu kabla ya hapo nilikuwa nimekaa na watu wazima, wenyeji wa Massachusetts, ambao timu yao ndiyo iliyochukua kombe, na nusu yao walikuwa wakinung'unika kwamba hawajawahi kuona fainali kavu kiasi kile. Kesho yake redioni wimbo ukawa huohuo: fainali ya kuchosha kuliko zote. Matokeo ni yaleyale. Mama aliyasikia akaona watu wamechinjwa. Wamarekani waliyaona wakasema hakukuwa na mchezo.

Nadhani wote wawili walikosea, na nimekuwa nikitafuta namna ya kulieleza jambo hili tangu siku ile.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayowachanganya watu wetu. Katika futiboli ya Kimarekani hakuna bao la moja. Ukiufikisha mpira katika eneo la mwisho la wapinzani, hiyo ni tachidauni, pointi sita, halafu unapewa nafasi ya kuongeza teke la pointi moja ambalo mara nyingi linaingia. Ukishindwa kufika lakini uko karibu, mpigaji wako anaupitisha mpira kati ya nguzo mbili zilizosimama juu, pointi tatu. Na ipo moja adimu: mwenye mpira akiangushwa ndani ya eneo lake mwenyewe, wapinzani wanapata mbili. Wanaiita sefti.

Sasa chukua ile 13 kwa 3. New England Patriots walipata teke la tatu, tachidauni na nyongeza yake, kisha teke la tatu jingine. Los Angeles Rams walipata teke moja. Kwa macho yetu sisi tuliozaliwa na soka, hiyo ni tatu moja. Mechi ya kawaida ya Jumamosi jioni. Hakuna aliyechinjwa, na hakuna aliyekuwa amelala.

Lakini kwao ni rekodi. Tangu Super Bowl ya kwanza mwaka 1967, hakuna fainali yao iliyokuwa imetoa pointi chache hivyo, 16 kwa jumla. Iliyokuwa ikishikilia nafasi hiyo kwa miaka 46 ilikuwa ya Januari 1973, Miami Dolphins 14, Washington 7. Na hii ya 2019, iliyochezwa Atlanta, ilikuwa pia ya kwanza kufika mwisho wa robo ya tatu bila tachidauni hata moja. Mapumziko, tatu kwa sifuri. Robo ya tatu inaisha, tatu kwa tatu. Ngoma droo.

Mimi nilikulia kwenye ngoma droo. Baba alikuwa mtu wa bandarini, na siku timu ya bandari inapocheza nyumbani alinichukua mimi, si kaka zangu, kwa sababu kaka zangu walikuwa hawakai kitako. Alinunua njugu zile za kwenye karatasi iliyosokotwa pembe, akazishika yeye. Sheria yake ilikuwa moja. Bao likiingia, hupati kitu. Kila mtu analiona bao, alisema, hata mpita njia. Lakini beki akiokoa, au golikipa akiudaka mpira wa hatari, au kiungo akiusoma mpira kabla haujapigwa na kuunasa, basi anakugeukia na kukuwekea njugu mkononi. Moja kwa wokovu wa kawaida, tatu kwa ule wa kushika kichwa.

Kwa hiyo mechi za mabao mengi nilirudi na njaa. Mechi za bila bila ndizo nilizoshiba. Mwaka 1994, Brazil na Italia walipotoka sare tasa kwa dakika 120 kule Pasadena, hukuhuku Marekani, katika uwanja uliojengwa kwa ajili ya futiboli yao, mimi na baba tulikuwa mbele ya televisheni ya jirani, na kabla ya Baggio kuupaisha ule mkwaju wake nilikuwa nimeshaanza kuumwa na tumbo.

Nilikuja Marekani nikiwa na jicho hilo, na kwa miaka ya mwanzo halikunisaidia chochote. Futiboli yao niliiona kama ajali za barabarani zinazorudiwa kila baada ya nusu dakika. Aliyenifungua macho ni mzee mmoja katika nyumba ya kulea wazee ninapofanya kazi ya usaidizi wa wauguzi, zamu ya saa tisa alasiri hadi saa tano usiku. Jina lake sitalitaja. Mimi nilimwita Mzee, nikamweleza maana yake kwetu, naye akalipenda akawa anasahihisha wengine wanaomwita kwa jina la kwanza kama mtoto.

Mzee alikuwa na miaka 84. Alizaliwa Philadelphia, akaoa huku, akazeeka huku, lakini moyo wake ulibaki kwa Eagles. Kuishi miaka hamsini katikati ya mashabiki wa Patriots ukiwa mtu wa Eagles ni kama kuwa Yanga uliyepanga nyumba kwa ukoo mzima wa Simba. Februari ya mwaka uliotangulia, 2018, Eagles walikuwa wamewapiga Patriots hao hao 41 kwa 33 katika fainali kule Minneapolis, na Mzee alivaa kofia ya kijani mpaka wa kufua akaiomba kwa barua. Lakini ukimkalisha chini akueleze mchezo wenyewe, alikunja uso. Tom Brady, kwotabeki wa Patriots, yaani yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, alirusha pasi za yadi 505 siku ile akashindwa. Katika mechi nzima mpira uliokolewa kwa teke mara moja tu. "Ule haukuwa mpira," aliniambia. "Ulikuwa disko."

Hapa lazima nieleze hilo teke, maana ndilo kiini cha kisa changu. Timu inapewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Ikisogea, inahesabiwa upya. Ikikwama baada ya la tatu, kwa kawaida haithubutu la nne. Inamwita mtu maalumu, anaupokea mpira nyuma ya wenzake, anaupiga juu na mbali iwezekanavyo ili wapinzani waanze safari yao wakiwa karibu na nyumbani kwao. Wana neno lao fupi kwa teke hilo, ila likitiwa irabu ya Kiswahili linakuwa nguo ya ndani, kwa hiyo kwa heshima ya wasomaji nitaliita teke la kuokoa.

Kwa Mmarekani wa kawaida teke la kuokoa ni wakati wa kwenda kuchukua bia. Ni alama ya kushindwa. Kwa Mzee lilikuwa ndilo jambo. Alinifundisha kulitazama: mpira ukae hewani muda gani, utue wapi, ubiringike upande gani. Teke zuri, alisema, ni kumwambia mwenzako chukua, ni wako, lakini ukiwa umempa shamba lililo mbali na maji.

Jumapili ile, Atlanta, mateke hayo yalikuwa kumi na manne.

Rams waliingia uwanjani wakiwa moto. Kocha wao, Sean McVay, alikuwa na miaka 33, hakuna kocha mkuu kijana kuliko yeye aliyewahi kufika hapo. Miezi michache nyuma timu yake ilikuwa imewashinda Kansas City Chiefs 54 kwa 51, na msimu mzima ilikuwa imekusanya pointi 527. Upande wa pili kocha wa Patriots, Bill Belichick, miaka 66, amevaa ile sura yake ya mtu aliyepewa samaki aliyechacha. Kila mtu alitarajia mafuriko. Halafu mafuriko hayakuja. Mara nane za kwanza Rams walipokuwa na mpira, mara zote nane waliishia kuupiga teke. Mpaka mapumziko walikuwa wamesogea yadi 57 tu, timu nzima, dakika thelathini, katika uwanja wa yadi mia moja.

Ilitokeaje? Redioni walisema Rams waliogopa, na kwotabeki wao kijana, Jared Goff, alizidiwa na ukubwa wa siku. Kuna ukweli. Lakini ukiishia hapo umekula ganda ukaacha kokwa.

Msimu mzima Patriots walikuwa wanakaba mtu kwa mtu. Siku ile wakabadilika, wakawa wanakaba maeneo, huku wakiwapanga watu sita mbele kabisa ili njia za pembeni, ambazo Rams walizizoea kwa kukimbia, ziwe zimeshafungwa kabla mpira haujaanza. Na kuna ujanja mwingine nilioupenda zaidi, uliokuja kuelezwa baadaye. Kocha huzungumza na kwotabeki wake kwa redio iliyo ndani ya kofia, lakini sheria inaikata redio hiyo zikibaki sekunde 15 za muda wa kuanza kila jaribio. McVay alikuwa na sifa ya kuwahi: anaipanga timu mapema, anautazama ulinzi, anamnong'oneza Goff anachokiona. Patriots wakaja na mipango miwili kwa kila jaribio. Wanasimama katika wa kwanza mpaka redio ikatike, kisha wanahamia wa pili. Kijana anabaki peke yake kichwani mwake, na alichoambiwa hakipo tena mbele yake.

Baba angenipa njugu kumi kwa hilo.

Shida yangu ni kwamba sikuwa na njugu, na hata ningekuwa nazo Mzee alikuwa haruhusiwi. Koo lake lilikuwa limelegea. Chakula chake kilikuwa cha kusagwa, kila kitu rangi moja ya udongo, na maji ya kuzidishwa uzito ili yasimpalie. Kwa wiki tatu alikuwa anakataa kula. Anafunga mdomo kama mtoto, anageukia dirisha. Uzito ulikuwa unashuka, na kila jioni katika daftari la zamu nilikuwa naandika asilimia ya mlo aliokula: 25, siku nyingine sifuri. Wasaidizi wote wa wauguzi nchini humu wanazijua asilimia hizo, na wanajua pia kwamba ukiandika sifuri siku nyingi mfululizo, kuna mkutano utaitwa na familia.

Jioni ile sinia lake lilikuja saa kumi na moja na nusu, akaligeukia dirisha kama kawaida. Mechi ilianza saa kumi na mbili na nusu. Nikamsukuma kitini mpaka ukumbini, nikalibeba na sinia, bila mpango wowote. Robo ya kwanza ikapita sifuri kwa sifuri. Pasi ya kwanza kabisa ya Brady iliguswa na Nickell Robey-Coleman, beki yuleyule ambaye wiki mbili kabla ya hapo alimvamia mchezaji wa New Orleans Saints mbele ya macho ya dunia nzima na mwamuzi asipulize filimbi, ikarukia mikononi mwa Rams. Mpigaji wa Patriots, Stephen Gostkowski, akakosa teke la yadi 46. Wenye nguvu za kulalamika wakaanza kulalamika. Mmoja mmoja wakaomba kurudishwa vyumbani.

Mzee alikuwa amenyooka kitini. Johnny Hekker wa Rams akapiga teke la kuokoa, mpira ukapaa, na Mzee akatoa sauti, ile ya mtu aliyeonja mchuzi akaukubali. Nami bila kufikiri, mkono wangu ukafanya kile ulichofundishwa utotoni. Nilichota kijiko, nikakiinua. Akafungua mdomo.

Sikusema kitu. Tukaendelea.

Ilipofika mapumziko nilikuwa nimemweleza habari ya baba na njugu. Akaniuliza kama mechi ya chini kabisa aliyoiona baba ilikuwa ngapi. Nikamwambia bila bila, mara nyingi tu. Akatikisa kichwa, kwao fainali haiwezi kwisha hivyo, lazima mtu ashinde. Lakini yeye alikuwa na moja kwa sifuri.

Desemba 19, 1948, uwanja wa Shibe Park, Philadelphia. Kabla ya siku za Super Bowl, fainali ya ligi ilikuwa ikichezwa nyumbani kwa mmoja wao. Theluji ilianguka kiasi kwamba turubai lililofunika uwanja lilishindwa kuinuka kwa uzito, wachezaji wa timu zote mbili wakatoka kwenda kusaidia kulivuta. Mistari haikuonekana tena. Steve Van Buren, mkimbiaji wa Eagles aliyezaliwa La Ceiba, Honduras, aliamka asubuhi akaona hali ile, akaamua kwamba hakuna mechi, akarudi kulala; kocha wake ndiye aliyempigia simu, akaja kwa tramu na kumalizia kwa miguu. Katika robo ya nne akaingia na mpira kutoka yadi tano. Eagles 7, Chicago Cardinals 0. Hiyo tu ndiyo ilikuwa mechi.

Mzee alikuwa na miaka 14. Mjomba wake alikuwa mmoja wa wachache mtaani waliokuwa na televisheni, na fainali ile ilionyeshwa. "Nilitazama kwa muda wa saa tatu," alisema, "sikuona mtu hata mmoja." Sisi Waswahili tunaiita chengachenga, televisheni ikikosa mawimbi, na nilijaribu kumtafsiria: theluji ya uwanjani juu ya theluji ya kioo. Alicheka mpaka nikasogeza kijiko mbali kwa hofu ya kumpalia.

Mwaka uliofuata Eagles walichukua tena, 14 kwa 0, katika matope ya mvua kule Los Angeles. Waliofungwa? Rams.

Naitenga mechi ya 1948 kwa sababu ile ni kazi ya Mungu. Anga likifunga hakuna mshambuliaji. Zipo nyingine zilizokauka kwa sababu ya mikono ya watu tu. Januari 1975, New Orleans, Pittsburgh Steelers na Minnesota Vikings walikwenda mapumziko mbili kwa sifuri, na hizo mbili zilitoka kwenye ile sefti adimu: mpira ulipokewa vibaya, ukabiringika nyuma, Fran Tarkenton akaulalia ndani ya eneo lake, na aliyemgusa ni Dwight White, ambaye wiki ile alikuwa amelazwa hospitali kwa maradhi ya mapafu. Vikings walikimbia jumla ya yadi 17 katika mechi nzima. Ikaisha 16 kwa 6. Na ile ya 1973 ingekuwa 17 kwa 0, namba tamu kwa Dolphins waliokuwa wanamaliza msimu wa ushindi 17 bila kupoteza, kama teke la mpigaji wao Garo Yepremian, mzaliwa wa Cyprus aliyekuja na miguu ya soka, lingeingia. Likazuiwa, naye akajaribu kuurusha mpira kwa mikono. Ulimteleza kama sabuni. Mike Bass wa Washington akaudaka hewani akakimbia nao yadi 49. Ndiyo pointi saba pekee walizopata.

Hizo nazipenda kama vichekesho. Sizihesabu daraja moja na ya Atlanta.

Robo ya tatu ndiyo ningependa kuihifadhi kwenye chupa. Hekker, akiwa amebanwa karibu na mstari wake mwenyewe, alipiga teke la yadi 65, refu kuliko yote katika historia ya Super Bowl mpaka siku ile. Rekodi aliyoivunja ilikuwa yadi 64, na mwenye nayo alikuwa palepale upande wa pili, Ryan Allen wa Patriots, anamtazama. Mzee aliinua mkono wake wenye mtetemeko kama mtu anayempigia saluti bendera. Vijiko vitatu.

Halafu lile tukio ambalo mpaka leo nikifumba macho naliona. Brandin Cooks wa Rams amesimama ndani ya eneo la mwisho, peke yake. Hakuna mtu. Goff amechelewa kumwona, kwa kiasi cha pumzi moja, lakini amemwona, na mpira umeshatoka. Uko juu, unashuka taratibu, ni tachidauni, kila aliye ukumbini amevuta hewa. Na kutoka upande wa pili kabisa wa uwanja, ambako hakuwa na kazi yoyote na Cooks, anakuja Jason McCourty akikimbia, hatazami mpira, anatazama mikono ya Cooks, anafika wakati mmoja na mpira, na kidole chake kinautoa.

Mwaka mmoja nyuma McCourty alikuwa Cleveland Browns, timu iliyocheza mechi 16 ikapoteza zote 16. Mtu aliyemaliza msimu mzima bila kushinda hata mara moja ndiye aliyekuwa bado anaukimbilia mpira usiomhusu. Katika ubao wa matokeo hakuna kilichoandikwa. Muuguzi wa zamu aliyepita nyuma yetu akauliza kama kumetokea chochote, na mtu mmoja akamjibu, hapana, hakuna.

Mzee alinigeukia. "Hiyo ni ngapi?" akauliza.

Nikampa vitatu, nikaongeza cha nne.

Robo ya nne iliendelea kama mnavyojua, na sina hamu ya kukaa hapo sana. Rams walikuwa wamesawazisha kwa teke la yadi 53 la Greg Zuerlein. Brady, aliyekuwa wa kawaida usiku mzima, akapata dakika zake chache. Akamrushia Rob Gronkowski mpira wa yadi 29 uliopita juu ya mabeki na kumfikisha yadi mbili kutoka mwisho, na Sony Michel akaumalizia zikiwa zimebaki dakika saba. Goff alirudi na timu yake mpaka wakawa wanalinusa lango, kisha akauachia mpira mmoja wa juu huku akirudi nyuma kwa kubanwa, na Stephon Gilmore akawa anaungoja pale yadi ya nne kama aliyeagiza kifurushi. Julian Edelman, aliyepokea pasi kumi kwa yadi 141, akatajwa mchezaji bora. McVay alikubali mbele ya waandishi kwamba kocha mwenzake alimzidi, na niliipenda ile adabu yake, maana vijana wengi wangelaumu nyasi.

Sidai kila mechi kavu ni chakula. Nimeona za bila bila zilizonifanya nitamani kulala, timu mbili zimepaki mabasi zote mbili na kusahau funguo. Tofauti ni kama kuna mtu anayemzuia mtu. Mwaka 2019 walizuiana. Unaweza kuonyesha kwa kidole nani, wapi, kwa ujanja gani. Mama akiniuliza golikipa alikuwa wapi, jibu ni kwamba usiku ule walikuwa wote magolikipa, ishirini na wawili.

Nilimrudisha Mzee chumbani saa nne na robo. Alikuwa amechoka, na bado alitaka kunilalamikia kwamba Patriots wameshinda. Nikamfuta mdomo, nikamgeuza ubavu, nikashusha taa. Kisha nikaenda kituoni kuandika. Katika mstari wa mlo wa jioni niliandika 100.

Muuguzi aliupitia ukurasa, akanitazama juu ya miwani. "Amekula nini?"

Sinia lilikuwa bado mkononi mwangu. Nikamwonyesha bakuli.